Mfumo Usioujua Msiba

Mpendwa Mshauri,

Naomba radhi kwa kimya cha miaka miwili. Uliponishauri nisiifunge kampuni yangu ya kukodisha maturubai na viti hapa Chang'ombe, nilikutii, kazi ikastawi, nikasahau kukushukuru. Leo naomba tena msaada wako, na naandika kwa aibu nisiyoizoea, kwa maana kwa miaka ishirini na miwili nimejivunia jambo moja kuliko yote, kwamba mtaani kwetu hakuna msiba uliokosa turubai langu, awe marehemu Mwislamu au Mkristo. Watu walituma neno tu, nasi tukapeleka, na mengine yakazungumzwa baada ya maziko.

Mwaka jana nilimwajiri Demetria, binti hodari wa kompyuta, atutengenezee mfumo wa kupokea oda, kwa sababu daftari letu liliwahi kuahidi turubai moja kwa harusi mbili. Aliniuliza, "Mama, kampuni hii inafanya kazi gani hasa?" Nikamtajia harusi, kipaimara, maulidi na mikutano, na tangu hapo hatujagonganisha shughuli hata moja, jambo ambalo pia najivunia. Msiba sikuutaja, kwa kuwa kwetu msiba hauwekewi oda, na niliona vibaya kuuita biashara.

Mwezi uliopita jirani yangu Noela alifiwa na mumewe alfajiri. Ndugu aliyetumwa alimkuta Twalib, mtunza stoo wetu, ambaye alitazama simu yake akasema, "Mfumo unasema hakuna kitu mpaka Jumatatu." Maturubai sita yalikuwa yamekunjwa nyuma yake, yakingoja harusi ya kesho kutwa. Mimi nilikuwa safarini, na waombolezaji walikaa juani mpaka saa nane, walipokwenda kuzika. Noela hajanilaumu, ananiamkia tu, "Shikamoo, Mama Shamimu," kisha anapita.

Sasa Twalib anataka turudi kwenye daftari, Demetria anasema mfumo ukikiukwa mara moja hautaaminika tena na yeye ataondoka, na kikao chetu cha kuamua ni Jumamosi. Je, niuzime? Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii sitakawia.

Mama Shamimu, Chang'ombe

JIBU

Mama Shamimu, pole, lakini aibu hiyo usiitupie mashine. Uliulizwa swali la maana kuliko yote, nawe ukaificha kazi unayojivunia kuliko zote. Demetria angejuaje? Uliuambia mfumo kwamba kazi yako ni sherehe, nao ukatii. Na Twalib asisingizie simu, macho anayo.

Usiuzime. Wenye harusi nao wana haki yao. Waketishe Demetria na Twalib meza moja kabla ya kikao, umweleze binti huyo, bila haya, kwamba kampuni hii ipo kwanza kwa ajili ya wafiwa. Atenge maturubai mawili na viti mia moja ambavyo mteja wa harusi hataviona kamwe, na Twalib aruhusiwe kuvitoa kwa neno la mdomo, kisha aandike. Demetria akikataa, muulize mfumo unamtumikia nani. Sidhani atakataa, fundi hodari hupenda kuambiwa ukweli wote. Na kila chombo kipya kitakacholetwa, kabla hakijasifiwa, kieleze kitakusaidiaje kufika kwa mfiwa mapema.

Umekosa msiba mmoja katika miaka ishirini na miwili. Ni wachache jijini wanaoweza kusema hivyo. Inua kichwa, uende kwa Noela leo, kwa miguu yako, ukamwombe radhi, wala usimtajie kompyuta.