Jembe, Nyumba na Kivuli

Alhamisi. Manyunyu ya asubuhi yamekauka, Kariakoo yote inanukia vumbi lililoloa, na mimi nimeamka na moyo wa ubishi. Wateja jioni hii hamna, basi acha niandike.

Sisi wauza vitenge wa mtaa huu tuna umoja wetu wa kuzikana. Katiba hatujawahi kuwa nayo, mtu akifa tunabeba tu. Leo tukakaa tuandike, kumbe mwenyekiti wetu, Mama Sauda, keshaiandika kwake. Humo uenyekiti una mgombea mmoja, yeye. Kura ni ndiyo au hapana.

"Jamani, hata nchi yetu ilianza hivihivi," akasema. "Chama kimoja, mkubwa mmoja, tukawa wamoja."

Nikajiambia, Zuhura, leo nyamaza.

Sikunyamaza.

Mimi nimeishia la nne, lakini hayo ya chama kimoja sikuyasoma, niliyaishi. Na sitaki unafiki, utaratibu ule ulikuwa na mazuri yake. Uani kwetu Gerezani alikuwepo Mngoni, Mzaramo, Mchaga, mbele Mwarabu na duka lake, na hakuna aliyeulizwa kabila. Balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama, alikuwa anamaliza ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo kabla chai haijapoa. Ubunge waligombea wawili, wote wa chama hichohicho, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Mama yangu hakujua a wala be, lakini alilipigia kura jembe lake, na mheshimiwa wa nyumba akarudi kwao kulima.

Ila kwa rais ilikuwa picha moja, na pembeni kivuli cheusi. Ukimkataa, unapigia kivuli.

Na balozi yuleyule wa kamba ndiye aliyemwita baba kumuuliza kwa nini kasema dukani kwamba sukari siku hizi ni hadithi. Baba alirudi salama. Ila tangu siku hiyo, akitaka kuongelea sukari, anafunga dirisha kwanza.

Basi nikamuuliza Mama Sauda mbele ya wote, "Dada, nani ameshawahi kushindwa na kivuli?"

Wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Haya, kwa hiyo ugombee wewe? Barua ya hospitali ya Kiingereza ikija utaisoma, Zuhura?"

Iliniuma, nisidanganye. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Niandikeni. Kwa wasiojua kusoma, nichoreeni jembe. Dada yangu mpeni nyumba, si ndo hataki kutoka."

Wengi wakanyoosha mikono. Jumamosi tunapiga kura, wagombea wawili.

Nikarudi mezani kwangu, nikakunja upya vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Maana mama yangu alipofariki, Mama Sauda ndiye aliyemwosha. Aliacha meza yake siku tatu, akakaa na mimi kwenye mkeka. Sijasahau, na sitasahau.

Lakini shukrani nitampa mwenyewe, mkononi. Kura ni kitu kingine.

Jioni kapita mbele ya meza yangu bila salamu, mtu ambaye kila siku ananiuliza nimekula nini. Naandika huku nimekasirika na huku nimemmisi.

Jina langu siliondoi. Jumamosi akinishinda, atakuwa amemshinda mtu mwenye pua na macho, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia vigelegele. Nikishinda mimi, je, siku yangu ikifika bado atakuja kuniosha?