Malori Ishirini na Mawili, Hakuna Boksi

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Daftari, uniwie radhi. Sijakufungua tangu Julai. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa safarini. Nilikuwa naandika kitu kingine, na mkono mmoja hautoshi kazi mbili.

Leo baada ya ibada ni kama kila Jumapili. Chai bila sukari, miwani, meza ya jikoni, kurasa tatu. Ni historia ya malori ya kuchezea. Kampuni ya mafuta niliyoifanyia kazi kule Landover, huku ughaibuni, ilikuwa ikitoa lori moja jipya kila mwaka kabla ya Krismasi, likiuzwa katika vituo vyake vya mafuta tu. Mwaka mmoja lori la mafuta, mwaka uliofuata la zimamoto, mwingine la kubebea helikopta. Watu walipanga foleni alfajiri na viti vyao vya kukunja. Jambo moja linanipendeza kuliko yote, nami nimeliandika kwa urefu: betri ziliwekwa ndani ya boksi, ili mtoto asisubiri maduka yafunguliwe.

Ninayo ishirini na mawili, moja kwa kila mwaka niliosimama penye pampu. Sikufungua hata boksi moja. Jumamosi ya tarehe 18, chama cha watu wanaokusanya malori hayo kitanipa saa nzima katika ukumbi wa maktaba, Rockville. Niyapange mezani na nieleze historia. Nilifundisha Korogwe miaka kumi na minne. Katika nchi hii hakuna aliyewahi kuniomba nisimame mbele ya watu nifundishe. Naogopa. Nimefurahi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeshuka chumba cha chini kupangusa vumbi. Rafu tupu.

Nikahesabu rafu, kana kwamba rafu ndizo zilizopotea. Tatu. Hakuna lori, hakuna boksi. Nje, gari la taka limekwisha kupita. Jumanne ni siku ya karatasi na maboksi.

Nyumba hii ni ya Rehema, binti yangu. Yuko zamu hospitalini. Nimempigia mara nne. Muuguzi hapokei simu akiwa wodini, najua. Nikapiga ya tano.

Sijala.

Jumatano, 8 Oktoba

Rehema amerudi asubuhi, viatu vya kazi mkononi. Hakukana. Malori yamo katika pipa la mizigo ya kutuma nyumbani kwa meli. Pipa liko ghalani Landover. Kontena la kulibeba litafungwa Ijumaa, lifike Korogwe kwa Krismasi. Maboksi ameyavua mwenyewe na kuyatupa.

“Maboksi yanakula nafasi, Baba. Bila maboksi yameingia yote, na sufuria za Shangazi, na viatu.”

Nimemwambia kwamba lori bila boksi halina maana. Nimemwambia kwamba hakuniuliza. Nimetumia sauti ambayo sijaitumia tangu nilipokuwa mwalimu wa nidhamu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Nilikuwa na miaka sita ulipoondoka ukaniacha kwa Shangazi. Kila Krismasi ulipiga simu: Rehema, Baba amekununulia lori, lina taa. Mwaka wa kwanza nikamwambia kila mtoto mtaani. Mwaka wa tatu walikuwa wananiita Lori Linakuja. Baba, sikuliona hata moja.”

Akaenda kulala.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ni kweli. Naandika kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma. Lori la kwanza nilimnunulia yeye. Mfanyakazi mwenzangu akaniambia usilifungue, usilitume, litakuja kuwa kitu cha thamani. Nikaliweka juu ya kabati. La pili nikaliweka kando yake. Kufikia la tano sikuwa nikinunua tena kwa ajili yake, ila niliendelea kumwambia hivyo. Nilichomtumia ni barua zake mwenyewe, nimezisahihisha kwa wino mwekundu.

Lakini malori ni mali yangu. Hakuwa na haki. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti jingine. Kesho nitakwenda kuyatoa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mabasi mawili mpaka Landover. Ghala ni la mama mmoja Mkenya, Mama Shiku. Pipa limeandikwa jina langu, kwa hiyo alikubali kulifungua, akinung'unika.

“Mzee, nani alikwambia pipa inafunguliwa kama friji? Ukitoa kitu moja, hizo zingine zote zinaruka nje.”

Kweli, kifuniko kilipotoka sufuria zilichomoza. Chini yake malori, kila moja limeviringishwa kipande cha khanga. Kila moja limefungiwa karatasi yenye jina, kwa mwandiko wa Rehema. Upendo. Eliya. Mbwana. Zawadi. Wajukuu wa kaka yangu na, bila shaka, watoto wa majirani wa Korogwe, ishirini na wawili. Niliowatambua ni watatu. Ngazi ya lori la zimamoto imekatika.

Mahali pa betri pamesuguliwa, lakini alama za kijani zimebaki. Betri zilivuja miaka mingi iliyopita, ndani ya maboksi yangu safi, nami sikujua. Rehema ameweka paketi mbili za betri mpya.

“Mzee, na wewe kwa hiyo umri unacheza na magari?”

Nikamwambia sijawahi kuyachezea hata siku moja.

“Sasa ulikuwa unayafanyia nini?”

Sikuyaacha kwa ukarimu. Niliyaacha kwa sababu ya majina, na kwa sababu mama yule alikuwa ameshika nyundo akisubiri jibu. Nikasema afunge.

Nimerudi na hasira ileile.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimempigia katibu wa chama. Niliposema habari ya maboksi alinipa pole kana kwamba nimefiwa. Kisha akasema nije hata hivyo, nizungumze bila malori. Anataka jibu Alhamisi.

Mtaalamu wa malori asiye na lori. Kama mfugaji anayewatembeza wageni katika zizi tupu.

Nimezisoma kurasa zangu zote arobaini. Ukubwa wa magurudumu umo. Rangi zimo. Idadi ya taa imo. Rehema hayumo popote.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua nyepesi. Rehema hana zamu. Amepika makande, tumekula. Amesema kontena limekwisha kuondoka. Nimesema vyema.

Alipokuwa akisuuza sahani akaniuliza, bila kugeuka, kama shughuli ya Rockville bado ipo, na kama anaweza kuja kusikiliza. Nimesema ukumbi una viti vingi.

Hajui kwamba sijamjibu katibu. Naweza kwenda nikasoma kurasa arobaini kama zilivyo, naye amekaa mbele yangu. Naweza kuanza na lori la kwanza, na niseme nilimnunulia nani. Naweza pia kubaki nyumbani.

Nina mpaka Alhamisi. Nikishaamua jambo nitaliandika hapa, liwe la kunisifu au la kuniaibisha.