Kitabu cha Kuazima Nimekifungia Kabatini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, kucheka utacheka baadaye.

Mimi ni bibi, kalamu sikuwahi kuishika, anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani na nimemwambia asinipambie maneno. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu anatambaa, yuko chuo kikuu mwaka wa mwisho, anasomea kujenga madaraja, msichana huyo! Sasa alitafuta kitabu ambacho maktaba yao haina, mkutubi wao akakiomba maktaba ya chuo kingine huko mbali, kikaletwa, kinene, gamba jekundu, kimefungwa mkanda wa karatasi wenye jina la mjukuu wangu, nami nikajua katunukiwa, nikatangaza mtaa mzima, nikakiweka kwenye kabati la vioo kati ya vikombe vya wageni, na wifi yangu, anayetuchosha na picha ya mjukuu wake kavaa joho, nikamwambia njoo Jumapili uone na sisi tuna nini.

Kumbe cha kuazima! Kinatakiwa kirudi Ijumaa. Mjukuu ananiambia, "Bibi, naomba ufunguo." Namwambia, "Ufunguo umelala." "Bibi, nikichelewa ile maktaba haitatuazima tena, na kuna kingine nakingoja, bila hicho kazi yangu ya mwisho haiishi." Namwambia, "Kimetoka mbali, kisubiri kionwe." Tangu hapo anakula amenipa mgongo. Nifanyeje, mshauri, na wifi ana mdomo?

*

Bibi yangu, shikamoo. Nimecheka, samahani.

Jirani fundi, acha kusoma kidogo, Bibi aende akafungue kabati. Kafungua? Haya, tuongee.

Umemlea mtoto hadi watu wasiomjua sura wanampa mali yao aende nayo nyumbani. Halafu wewe, wewe mwenyewe, ndiye unataka kumharibia jina? Aibu, Bibi! Chuo chake ndicho kilichomdhamini. Kitabu kikichelewa, watakaoonekana waongo ni yeye na mkutubi wake, na watakaokosa ni wenzake wote wanaosubiri kuazimiwa. Yote haya kwa kumwogopa wifi mmoja na picha yake ya ukutani?

Leo hii mwombe mjukuu radhi, tena umtazame machoni. Ule mkanda wa karatasi usiung'oe, kirudi kama kilivyokuja. Kwa wifi nenda mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine, umwambie, "Nilidhani kapewa, kumbe kaazimwa." Akicheka, mwache amalize. Akimaliza, mwambie Ijumaa avae vizuri, mnamsindikiza mtoto maktaba.

Mkifika, simameni pembeni ya meza ya mkutubi, usimfundishe mtu kazi. Mwangalie mjukuu wako anavyokabidhi kitabu kizima, anavyoitwa kwa jina lake, anavyoulizia hicho kingine na kuambiwa kinakuja. Wifi naye aone.

Hapo jivune, Bibi. Jivune kwa sauti. Wakiwatoa kwa kelele, tokeni kwa heshima, mkaendelee kujivuna mlangoni.