Siku Niliyosema Nitakuogesha Mimi

Mama Neema, mke wangu,

Hapa Iguguno tumemaliza kuvuna alizeti. Neema alikuja na watoto kunisaidia, nyumba ikachangamka. Wameondoka jana. Mimi bado nalala upande wangu wa kitanda, ule wako wa ukutani siugusi.

Nakuandikia kwa sababu juzi nilirudi kule wodini.

Unakumbuka siku uliyoruhusiwa? Kiharusi kilikuwa kimelegeza mkono wako wa kulia na mguu, na maneno yalikuwa yanatoka nusu nusu. Nesi alituketisha kando ya kitanda chako, mimi, Neema na dada yako Eliza wa Utemini. Alisema hatoki mtu pale kabla hatujapanga. Nani atakugeuza usipate vidonda? Nani ataangalia dawa ya presha isikatike? Tukajibu vizuri. Ndipo akauliza, "Na kumwogesha?"

Neema alikuwa na mtoto mchanga, na kwake ni mbali.

Eliza akasema, "Basi nimchukue mimi. Shemeji ni mwanaume, ataweza wapi?"

Sikumlaumu, hata mimi sikujua nitaweza wapi. Lakini ulikuwa umenishika shati kwa ule mkono mzima, na machozi yanakutoka. Nikasema, "Nitamwogesha mimi. Twende nyumbani."

Nesi hakucheka. Alinifundisha pale pale jinsi ya kukuinua bila kuumiza mgongo wangu, kukuvika gauni kwa kuanza na mkono mgonjwa, kukukalisha wima kabla ya kijiko cha kwanza cha uji. Eliza akakubali kuja siku za kliniki.

Siku ya kwanza nyumbani nilikupaka sabuni mpaka machoni. Ukatoa neno zima la kwanza tangu uugue: "Taratibu!" Tulicheka, mke wangu, mpaka nikakaa chini kwenye yale maji.

Watu walisema yao. Dukani walinitania kwamba nimeolewa. Iliniuma, nikarudi nyumbani nimenuna, nikakukuta umelala na zile nywele nilizokuchana vibaya, hasira ikaisha. Na kupika mboga ya mlenda je? Ulikaa kwenye kiti jikoni ukanifundisha kwa kichwa tu. Ukitikisa, naongeza maji. Ukiinamisha, naepua.

Ulifika mpaka mlangoni kwa mkongojo wako. Halafu kikaja kiharusi cha pili, asubuhi, hata gari la kukupeleka hospitali halijafika...

Basi juzi yule nesi alinipigia simu. Kuna mwanaume wa Mkiwa, mkewe anaruhusiwa, na mambo yamekwama palepale tulipokwama sisi, kwenye kuogesha. Nikaenda. Nilimkuta amesimama dirishani, amempa mkewe mgongo.

"Shikamoo mzee," akasema, kisha akashusha sauti. "Mimi naona aibu. Hata nguo yake sijawahi kufua."

"Hata mimi niliona," nikamwambia. "Lakini mkeo anaona aibu zaidi yako. Anza kwa kumuuliza kama maji yanamfaa."

Nikamwonyesha kumwinua. Mara ya kwanza alimshika kama gunia la mahindi, mkewe akakunja uso. Mara ya pili alimwambia kwanza, "Mama Juma, nakuinua sasa." Yule mama akaegemeza kichwa begani pake, akafumba macho.

Nilitoka nje nikalia. Siku ya mazishi sikulia, unajua nilivyo mbele za watu. Juzi nililia hadharani, kwenye benchi la wagonjwa, na mama mmoja nisiyemjua akanipa kitenge chake nifutie uso.

Keshokutwa naenda Mkiwa. Yule bwana ameniomba nimsaidie siku ya kwanza, na nimemwambia nesi akinihitaji tena asisite kuniita.

Pumzika, mke wangu. Sikuwahi kukuambia kwamba miezi ile ndiyo nilikujua vizuri kuliko miaka yetu yote. Nakuahidi, mgonjwa yeyote nitakayeitiwa, nitamshika kama nilivyokushika wewe.

Mumeo,
Baba Neema