Siku Nne Bila Dawa za Figo

Jumanne, Kibaha

Leo ni siku ya nne Salum ameacha dawa zake za kuzuia mwili kuikataa figo aliyopandikizwa. Aliyenipigia kusema hivyo ni dada yake, Bi Zuhura wa Kibuta, ndiye aliyempa figo. "Amesikia kipindi chako redioni, mwandishi."

Kipindi kilihusu matibabu yanayojaribiwa ng'ambo: mgonjwa anaongezewa chembe za kinga za mtu aliyempa kiungo, ili mwili ukizoee bila vidonge vya kila siku. Nilisema bado ni majaribio. Nilisema mara moja tu, mwishoni.

Nimekwenda Kibuta mchana. Salum alinipokea akicheka.

"Hao wanawekewa chembe kwa sababu si ndugu. Sisi tumbo moja. Mwili wangu unamjua dada."

"Unamjua wapi? Hata simu zangu hupokei," dada yake akamjibu. "Na figo hiyo ni yangu, nimekuazima tu. Meza!"

Nilimpigia daktari wake, tukamsikiliza wote. Alisema aanze tena leo kipimo kilekile, asizidishe, kwani mwili unaweza kuikataa figo bila mgonjwa kuhisi maumivu yoyote. Salum akaacha kucheka. Amemeza mbele yetu.

Hana homa, hajavimba. Hilo halithibitishi chochote.

Nimerudia kusoma maandishi ya kipindi mara tatu. Hakuna neno lililokosewa, na bado situlii. Ningekuta kosa, ningejua pa kusahihisha.

Kesho saa mbili asubuhi Salum anapimwa damu. Nitawapeleka mimi.