Siku Nilipokwenda Kumchukua Riziki Shuleni

Mama Riziki wangu,

Nimetoka kazini Hayes mchana huu na mgongo hautaki kunyooka. Ningelala kwanza, lakini jambo hili ni lako kuliko langu. Jumanne nilikwenda Wales kumchukua mtoto.

Usikasirike kabla hujasikia. Kiwanda cha kule nilikofanya kazi kilipofungwa, muda mfupi baada ya kukuzika, nilikuja London peke yangu. Nabeba mizigo ya ndege ghalani. Riziki alibaki kwa Gwen, mpishi mkuu wako pale jikoni mwa shule, kwa sababu uliniomba pale hospitalini nisimtoe katika shule ile. Nikakubali. Sikujua kukubali kungekuwa kurefu hivi. Chumbani tuko wanaume watatu, kila mmoja na shifti yake, hata wa kugombana naye huna. Mwishowe nikasema basi, hata London kuna shule.

Unakumbuka tulivyoiogopa shule ile mara ya kwanza? Mimi nilisoma kwetu Uvira, Kongo, mpaka darasa la tano, chini ya bati moja. Pale kengele ikilia wanamwagika watoto zaidi ya elfu. Ulisema hii si shule, ni soko. Gwen alikucheka, akakupeleka koridoni kukuonyesha picha za zamani: wanaume wenye nyuso nyeusi kwa makaa ya mawe, babu yake akiwa kati yao. Wachimbaji hao walikatwa mishahara yao ili shule ijengwe, watoto wao wasishuke shimoni. Sasa migodi imefungwa na shule imebaki. Ulinisimulia hayo ukimenya viazi, ukasema, "Baba Riziki, hawa ni watu kama sisi." Tangu hapo ukawapakulia watoto wa watu kama wako. Hata wale vijana wanene wa raga walikuita Mama.

Halafu ikaja siku yao ya nyimbo na mashairi, mwanzoni mwa Machi. Shule nzima hujaa ukumbini, na aliyeandika shairi bora huketishwa kwenye kiti kikubwa cha mbao kama mfalme. Hakuna aliyetuambia habari za upanga. Mwalimu mwenye joho akauinua juu ya kichwa cha yule mtoto, akauchomoa nusu, akauliza kitu kwa Kiwelisi. Watoto wote wakajibu kwa kelele. Uliruka viti ukiwa na aproni, ukamkamata Riziki mkono, ukatokea mlango wa jikoni mpaka kituo cha basi. Mimi nyuma yenu, nimeacha koti. Hatukuulizana tunakimbilia wapi.

Gwen alitufikia akihema. Akaeleza kwamba mwalimu huuliza mara tatu kama kuna amani, na mtoto haketi mpaka watu wote wajibu kwamba ipo.

"Na wakisema haipo?" ukamuuliza.

Gwen alifikiri sana. Akasema tangu azaliwe hajasikia mtu akisema haipo. Ulicheka mpaka ukalia. Mwaka uliofuata uliwashinda walimu kwa sauti ya kujibu, na wale wa raga wakakutania kwamba Malkia amesikia na anauliza ni nani huyo.

Jumanne hii ilikuwa tena siku hiyo ya mashairi. Nilikaa nyuma na suruali ya kazini. Riziki yuko mwaka wa mwisho, ana urefu wa dada zako, na aliimba na kwaya. Upanga ulipochomolewa sikuuangalia, nilimwangalia yeye. Alijibu "amani" huku ameinama akivuta soksi.

Baadaye, nyumbani kwa Gwen, nilimwambia kilichonileta. Nimechoka kuwa peke yangu, aje tukae wote. Siku hizi yeye hunijibu kwa Kiingereza, lakini hilo alilijibu kwa Kiswahili.

"Sawa, Baba. Ngoja nifunge vitu."

Hakuuliza mitihani itakuwaje. Alipanda ngazi, nikasikia kabati likifunguliwa. Gwen aliendelea kufuta meza aliyokwisha kuifuta.

Angekataa, Mama Riziki, ningemleta. Ningefoka kwamba baba ni mimi. Lakini aliinuka vile vile tulivyoinuka sisi Uvira tukikimbia vita, chungu kikiwa motoni, bila kuuliza tunakwenda wapi. Nikamfuata juu. Alikuwa ameketi kitandani, begi limefungwa, koti mwilini.

Nikamwambia avirudishe vitu kabatini.

"Na wewe je?" akaniuliza.

Nikasema nitakuja Pasaka. Akanitazama, kisha akaanza kutoa nguo moja moja, polepole.

Kwa hiyo bado niko hapa, na uchovu ni ule ule. Sikumwambia kwamba wewe ndiye uliyeniomba. Anadhani baba yake ni mtu asiyejua anachotaka, anayesafiri nchi nzima kusema njoo, kisha anasema baki. Na aendelee kudhani hivyo. Akijua ni neno lako, atabaki kwa ajili yako. Nataka abaki kwa sababu ni kwake.

Pumzika, mama, kwa niaba yangu pia.

Mumeo,
Baba Riziki