Moshi wa Zebaki Jikoni kwa Mama

Jumapili, Agosti. Joto kavu, vumbi tangu asubuhi, na moyo wangu mzito.

Shajara, kesho jioni natakiwa kupanda treni pale Shinyanga, nirudi ng'ambo ninakosomea kemia. Nilikuja nyumbani likizo nikidhani nitapumzika. Nimepumzika gani?

Mama anatetemeka. Hawezi kushika kikombe bila kumwaga chai. Fizi zinamtoka damu, analia bila sababu, halafu anageuka kugombana na kuku. Kabla sijafika, kaka yangu Masanja alishakwenda kwa mganga, na mganga akamtajia aliyemroga: Bibi Milembe, mjane jirani yetu, eti kwa kuwa macho yake ni mekundu. Mwanamke amepikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote hii, maana kuni zilishakwisha huku kwetu. Alitaka macho yake yawe na rangi gani?

Huku kwetu vikongwe wenye macho mekundu hukatwa mapanga. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Juzi ndipo nilipojua kinachomuumiza mama. Masanja anachimba dhahabu huko Geita. Wenzake huichoma kulekule machimboni, lakini yeye anaogopa kuporwa, kwa hiyo huileta nyumbani ikiwa bado imeshikana na zebaki wanayoinasia, kidonge laini cha rangi ya fedha. Hukiweka kwenye kikaango jikoni kwa mama, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa matambara ili jirani asione moshi. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Na mama yupo humo humo, anachochea moto.

Nilielewa mara moja.

Maana kazi yangu kule chuoni ni hii hasa: metali zikiwa hewani. Nachukua chembe ya chuma, atomi moja tu iliyotiwa chaji ya umeme, naiachia ndani ya chombo kisicho na hewa, kisha naipitishia gesi kama ile iliyomo kwenye kiberiti cha gesi. Gesi hiyo ni kaboni zilizoshikana mnyororo, kila moja imebeba haidrojeni zake. Chuma kikiikuta, hakiipiti hivi hivi. Kinaing'ang'ania, kinaipokonya haidrojeni mbili, au kinaukata mnyororo wenyewe vipande. Halafu nakifunga chuma hicho na molekuli nyingine, tuseme ya kaboni monoksidi, nakirudisha tena, na tabia yake inabadilika: kilichokuwa kinakata sasa pengine kinapokonya tu, au hakigusi kitu. Nimetumia miaka kuyafuatilia hayo. Nayaota.

Sijawahi kusoma zebaki inafanya nini ndani ya mwili wa mama yangu. Lakini najua metali haihitaji kuonekana ndipo ifanye kazi.

Nilimweleza Masanja hivyo, kwa Kisukuma, nikikosa maneno kila hatua. Alicheka. Metali ni kitu cha kushika mkononi, alisema, haiingii mtu puani. Hasira zilinipanda hadi nikatamani kumpiga na kile kikaango chake.

Basi leo, baada ya misa, nikamwonyesha. Tulitoka nje, tukasimama upande unakotoka upepo, mama nikamweka mbali. Masanja aliweka kidonge motoni. Mimi nikafunga sahani ya bati kwenye fito ndefu, nikaishikilia juu ya kikaango. Haikuchukua muda. Nilipoigeuza, chini yake palikuwa na ukungu wa kijivu, na nilipoukusanya kwa kijiti ukawa matone. Zebaki, ileile. Ilipita hewani na hakuna aliyeiona.

Masanja aliinama juu ya sahani. Niliona uso wake unalegea, nikajua amenielewa. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama siku niliyofaulu mtihani.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemlisha mama sumu," akasema.

"Hukujua, kaka. Ukiacha kuchomea ndani, na tukampeleka hospitali, huenda akapata nafuu."

Akaitazama sahani tena. "Mimi si mjinga, Minza. Nisingemfungia mama yangu mlango kwa akili zangu mwenyewe. Nani aliniingiza wazo hilo kichwani? Ni yule kikongwe."

 

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini: "Na wewe uliijuaje, kitu kisichoonekana?" Nikamwambia nilifundishwa. Akarudi hatua moja nyuma, akaondoka bila kuichukua dhahabu yake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Milembe, nikampa shikamoo, nikamsihi tuondoke naye alfajiri, yeye na mama, hadi Shinyanga mjini. Alikuwa anapepeta mtama na hakuacha kupepeta. "Marahaba, mwanangu. Nikikimbia, watasema walikuwa sahihi. Mume wangu amezikwa hapa."

Mama nimemwombea nafasi kwa watawa wanaopita kesho asubuhi na gari lao kwenda hospitali ya Kolandoto. Treni itaondoka bila mimi. Mkeka wangu nimeutandika kwa Bibi Milembe, mlangoni kwa ndani, na sasa jua linazama. Masanja sijamwona tangu mchana. Mtoto wa jirani anasema amemkuta akinoa panga.

 Nitakaa hapa. Akija, itabidi anipite mimi kwanza.

Ila najiuliza: akiusukuma mlango huu, atamwona dada yake, au wachawi wawili?